Kupanda Milima Pamoja Nasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliotupigia simu usiku wa kuamkia safari, waliotuuliza wakiwa wamekaa juu ya jiwe wakihema, na wazazi waliotaka kujua mtoto wao anakwenda wapi na nani. Kama swali lako halimo, muulize mratibu yeyote. Hakuna swali dogo kwa mtu anayekwenda kulala msituni kwa mara ya kwanza.

## Kabla ya kujiunga

Kikundi hiki kinafanya nini hasa?

Sisi ni wakazi wa Dar es Salaam: walimu, mafundi, wauguzi, wenye maduka, wanafunzi. Kila mwezi tunatembea kwa miguu msituni au mlimani, na mara chache kwa mwaka tunabeba mahema na kulala huko. Matembezi mafupi huwa katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Safari za siku moja ni za milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Za kulala ni Lushoto na vijiji vya Usambara, au Udzungwa, hifadhi isiyo na barabara ndani yake, ambako huoni kitu bila kutembea. Wenye uzoefu huendelea hadi Hanang, Meru na Kilimanjaro.

Sisi si kampuni ya utalii. Hatuuzi safari na hakuna kiongozi anayelipwa. Tunagawana gharama, na kila mtu ana kazi: kubeba sufuria, kuchota maji, kuhesabu watu.

Sijawahi kupanda mlima wowote. Nianzie wapi?

Anzia Pugu. Hakuna mwinuko wa kutisha, na ukichoka barabara haiko mbali. Ukimaliza vizuri, safari ya pili iwe Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya Morogoro, kupitia mashamba ya Waluguru. Ya tatu ndiyo Lupanga, kilele kimojawapo cha Uluguru juu ya mji huo.

Lupanga wengi wanaudharau kwa sababu ukiwa mjini unauona karibu, kama unaweza kuugusa. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko mita 2,138. Njia haina mizunguko ya kukupumzisha. Inapanda moja kwa moja, na sehemu za juu ni mizizi na tope unayoishika kwa mikono. Watu wanaokimbia kilomita 10 ufukweni Coco bila shida wamekaa chini Lupanga wakisema miguu imegoma. Ndiyo maana hatumpeleki mtu huko kwa safari yake ya kwanza, hata akiapa kwamba yuko fiti.

Mazoezi mazuri kwa mtu wa Dar ni ngazi. Tafuta jengo la ghorofa tano, beba begi lenye chupa kadhaa za maji, panda na ushuke mara nne huku ukiweza kuzungumza. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki kwa mwezi mmoja. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo usitumie lifti kurudi chini.

Natembea polepole. Sitawachelewesha wenzangu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa sauti ya chini, na jibu lake ndilo linaloshika kikundi chetu.

Mwendo wa kikundi ni mwendo wa mtu wa mwisho. Mbele anakwenda kiongozi anayeijua njia. Nyuma kabisa anakwenda mtu tunayemwita mshika mkia, na kwetu hilo ni jina la heshima: tunampa mwenye uzoefu na subira kuliko wengine. Hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake kwa sababu yoyote, si kwa picha wala kwa kufunga kamba za viatu. Kila panapogawanyika njia, wa mbele wanasimama mpaka mshika mkia aonekane. Na akifika, hatuondoki papo hapo. Tukifanya hivyo, wenye kasi wanakuwa wamepumzika dakika kumi na aliyechoka hajapumzika hata moja.

Hatukuzaliwa na utaratibu huu. Miaka ya mwanzo tulikwenda kila mtu kwa kasi yake, tukikubaliana kukutana kileleni. Siku moja Uluguru dada mmoja alibaki nyuma peke yake, akachukua kijia cha wakulima, na tukakaa zaidi ya saa mbili tukimwita kwenye ukungu. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani ndiye aliyemshika mkono na kumleta. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi siku ile. Aliponiona hakunigombeza, aliuliza tu, "Mlijua kwamba sipo?" Hatukujua.

Kwa hiyo, hapana, hutatuchelewesha. Anayetaka kupanda kwa kasi bila kusubiri mtu, ni haki yake, lakini atafute wenzake wa mwendo huo.

Watoto na wazee wanaruhusiwa?

Pugu, ndiyo, mtoto akiwa na mzazi au mlezi wake. Morningside kuanzia miaka kumi hivi. Kwa wazee hatuna kikomo. Tunaangalia magoti na moyo, si mwaka wa kuzaliwa.

Mimi ni mwanamke na nitakuja peke yangu. Usalama ukoje?

Kila safari ya kulala ina viongozi wawili, na mmoja lazima awe mwanamke. Mahema ya wanawake na ya wanaume ni tofauti. Wanandoa waliojiandikisha pamoja hupewa lao. Ukisumbuliwa na yeyote, kwa maneno au vitendo, mwambie kiongozi wa kike wakati huohuo. Mhusika anarudishwa mjini kwa gharama yake, na hatumwiti tena. Tumeshafanya hivyo.

Ukiwa kwenye siku zako, safari haiharibiki. Beba vya kutosha pamoja na mifuko midogo ya kurudishia taka, na mwambie kiongozi wa kike kama utahitaji kusimama mara kwa mara. Hatazamii ueleze zaidi ya hapo.

Nina pumu, presha, kisukari au seli mundu. Naweza kwenda?

Mara nyingi inawezekana, ila mambo mawili ni ya lazima: uwe umeongea na daktari wako, na mratibu awe anajua. Hatutangazi ugonjwa wa mtu. Anayejua ni mratibu, kiongozi na mshika mkia.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya begi linalobebwa na mwingine. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu anachoweza kukifikia akiwa anatembea, maana kupanda mlima kunashusha sukari haraka kuliko kazi za nyumbani. Mwenye presha asiache dawa zake siku ya safari kwa kuogopa kukojoa njiani. Tunasimama kadiri inavyohitajika.

Seli mundu ni jambo la pekee. Hewa nyembamba ya juu, baridi na upungufu wa maji mwilini ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali na madhara makubwa. Mwenye ugonjwa wenyewe hatumpeleki milima mirefu, na hata kwa Lupanga tunataka neno la daktari. Aliyerithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida hana shida, lakini naye atuambie kabla ya safari za juu.

## Kujiandikisha na michango

Najiungaje?

Njoo kwenye matembezi ya Pugu mara moja. Hakuna fomu wala kiingilio siku hiyo. Ukitupenda na sisi tukikuona unasikiliza, tutakuingiza kwenye kundi la WhatsApp na kukuomba jina kamili, namba ya ndugu wa kupigiwa wakati wa dharura, na maelezo ya afya kama tulivyoeleza hapo juu. Namba ya ndugu iwe ya mtu anayejua kwamba umesafiri. Mtu akificha safari kwa familia yake, anatuweka sote pagumu jambo likitokea.

Mchango unalipia nini?

Usafiri, vibali, mwongozaji wa kijijini na chakula cha pamoja. Kiasi hubadilika kwa safari. Mratibu huandika makadirio kabla, na baada ya safari huweka hesabu na picha za risiti ili kila mtu azione. Kikibaki chochote kinaingia kwenye mfuko wa kununulia mahema na vifaa vya huduma ya kwanza.

Nikighairi, narudishiwa?

Ukighairi kabla hatujalipa nauli na vibali, unarudishiwa yote. Baada ya hapo unarudishiwa tu kile ambacho hakijatumika, au unamtafuta mtu wa kuchukua nafasi yako, mradi ameshatembea nasi. Mgonjwa na mfiwa hatuhesabiani nao hivyo, tunakaa tunaongea.

Naweza kumleta rafiki asubuhi ya safari?

Pugu, ndiyo. Kwingineko hapana, hata kama kiti kipo. Kibali kinaandikwa majina, na mshika mkia anahitaji kujua anawalinda akina nani.

Kwa nini tunamlipa mwongozaji wa kijijini wakati njia tunaijua?

Kwanza, misitu ya juu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia kunahitaji kibali. Pili, hatuijui njia kama tunavyodhani. Kijia ulichopita mwezi wa saba kinaweza kuwa kimelimwa mwezi wa kumi na moja, na mvua moja kubwa inatosha kukibomoa.

Lakini kwangu sababu kubwa ni kwamba tunapita mbele ya nyumba za watu. Mlima tunaoupanda Jumamosi, mama wa Kiluguru anaushuka kila siku na ndizi kichwani akiwahi soko la Morogoro. Mwongozaji ni mtoto wa pale. Akitangulia yeye, tunaingia kama wageni waliopigiwa hodi. Salimia kila unayekutana naye, mpishe mwenye mzigo, usichume hata ndimu moja bila kuomba, na usipige picha ya mtu wala nyumba yake kabla hajakubali. Kama kuna anayeuza ndizi au matunda njiani, nunua kwake kuliko kubeba kutoka Dar.

## Vifaa na mizigo

Nahitaji kununua nini?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Viatu ndivyo vya kutolea fedha: soli yenye meno, vinavyokaza kisigino, na nafasi ya kidole kimoja mbele, la sivyo utapoteza kucha ukishuka. Mitumba ya Karume ina viatu vizuri vya mlima kwa anayejua kuchagua. Kunja soli kwa nguvu na uangalie gundi kwanza, kwani kiatu kilichokaa miaka kabatini kinaweza kubanduka siku ya kwanza ya tope. Kisha kivae mjini wiki mbili. Hatumruhusu mtu kuanza Lupanga na kiatu kipya kabisa.

Baada ya viatu: tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba hata kama safari ni ya mchana, koti la mvua, sweta, kofia, filimbi, na soksi za kubadili. Hema, begi la kulalia na godoro la kukunja unaweza kuazima kwenye kikundi, omba mapema.

Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, inachubua mapaja, na haikauki mpaka mrudi Kibaha.

Begi la safari ya kulala liwe na uzito gani?

Lisizidi robo ya uzito wako, na ukiwa mgeni jitahidi liwe moja ya tano. Mtu wa kilo 60 abebe kilo 12, maji yakiwemo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, katikati ya begi, na mkanda wa kiunoni ubane juu ya nyonga ili miguu ndiyo ibebe, si mabega. Kila kitu kiingie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji.

Maji na chakula je?

Lita 3 kwa safari ya siku nzima, na lita 2 kwa Pugu. Maji ya mto hatunywi bila kuyachemsha au kuyatibu, hata yakiwa meupe kama kioo. Chakula cha njiani kiwe cha kuliwa kidogokidogo: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga, tende, ndizi, chapati, kashata. Anayesubiri kula kileleni huwa hafiki.

Ukiharisha au kutapika, kiongozi ana vipakiti vya chumvichumvi. Vikiisha, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

## Njiani na kambini

Tunaondoka saa ngapi?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria wa Morogoro mwaka 2024, mara nyingi tunakwenda Ijumaa jioni na kulala mjini, ili saa 12 asubuhi tuwe tunapanda. Njoo na kitambulisho. Treni haimsubiri mtu, nasi hatuwezi kuiomba.

Ni miezi gani mizuri, na mvua ikinyesha inakuwaje?

Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu: baridi ya kipupwe, njia kavu. Masika, Machi hadi Mei, hatupandi Uluguru wala Udzungwa. Tunabaki Pugu au tunapumzika. Siku mbili kabla ya safari yoyote tunasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Manyunyu hayaahirishi safari. Radi zinaahirisha, na mto uliofurika unaturudisha. Maji yakifika magotini na yanakwenda kasi, hatuvuki. Tunasubiri au tunageuka, hata kama gari liko ng'ambo.

Nyoka, siafu na upupu?

Nyoka huwakimbia watu wanaokanyaga kwa kishindo. Usiweke mkono usipopaona. Ikitokea mtu ameumwa, asikimbie, avue pete na saa, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, abebwe kwenda hospitali. Hatukati, hatunyonyi, hatufungi kamba ya kubana damu.

Siafu ni wa kila siku kuliko nyoka. Chomeka suruali kwenye soksi, na ukiona mstari mweusi unaotembea, ruka upite haraka; usisimame kuuangalia. Upupu uko pembeni mwa mashamba na njia zilizoachwa. Ukikugusa usijikune wala usijifute kwa mkono. Bandika utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa ili utoe vinyweleo, ndipo uoshe. Nguo iliyoguswa ikae kwenye mfuko wake peke yake.

Nikipotea?

Simama. Usishuke bondeni kutafuta njia ya mkato. Piga filimbi mara tatu, tulia dakika moja, rudia. Utaratibu wa mshika mkia (tazama swali la wanaotembea polepole) unamaanisha tutajua hupo kabla hatujaenda mbali. Simu ikishika mtandao, mpigie kiongozi kwanza. Asipopatikana, 112 au Zimamoto na Uokoaji kwa 114.

Swala na funga zinazingatiwa?

Ndiyo. Ratiba ya siku huandikwa pamoja na nyakati za swala, na kikundi kinasimama. Mwezi wa Ramadhani hatuweki safari za kupanda. Tunafanya matembezi mafupi ya jioni yanayoishia kwenye futari.

Choo kinakuwaje msituni?

Mbali na maji na njia, hatua 70 au zaidi. Chimba shimo la kina cha shibiri moja, fukia, karatasi irudi nawe kwenye mfuko. Koleo dogo liko kwa mshika mkia na huombi ruhusa kulichukua.

Tunalikazania hili kwa sababu moja ambayo watu wa Dar huisahau: Mto Ruvu unapata maji yake kutoka milima ya Uluguru, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya jiji letu. Tunachokiacha kule juu tunakunywa Tabata na Kinondoni. Hali kadhalika taka zote, pamoja na maganda ya mayai na ya machungwa, zinashuka nasi.

## Milima mirefu

Lini naweza kwenda Kilimanjaro pamoja nanyi?

Baada ya kupanda Lupanga, safari mbili za kulala kwenye hema, na Meru au Hanang. Meru, mita 4,566, ndio mwalimu mzuri, kwa kuwa unakujulisha mwili wako unavyofanya juu ya mita 4,000. Huko tunatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana sehemu za chini zina nyati.

Kilimanjaro haupandwi kienyeji. Lazima kuwe na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo tunapitia kampuni yenye kibali na mchango unakuwa mkubwa. Wengi hupenda tuwe kileleni tarehe 9 Desemba, siku ambayo mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale juu. Siku hiyo njia hujaa, basi anza kuweka akiba mapema. Katika kuchagua kampuni tunauliza kwanza wapagazi wanalipwa nini, wanakula mara ngapi na wanalala wapi. Mzigo wa mpagazi hauzidi kilo 20. Kampuni ya bei ya chini sana huwa imeipunguza bei hiyo kwenye tumbo la mtu.

Nitajuaje kwamba kimo kinanidhuru?

Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Hapo hupandi zaidi. Unapumzika na kunywa maji mpaka ipite. Kinga ni mwendo wa polepole na siku nyingi: juu ya mita 3,000, kituo cha kulala kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Ndiyo maana tunalipia siku ya ziada kila mara, ingawa ni ghali.

Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, hakuna kusubiri kuche. Anashushwa palepale, usiku huohuo, na hapandi tena safari hiyo.

Kilele kiko dakika ishirini na kiongozi anasema turudi. Naweza kuendelea peke yangu?

Hapana. Saa ya kugeuka huwekwa kabla ya kuanza kupanda, wakati vichwa vya wote vimetulia, na hairekebishwi tukiwa juu. Kiongozi na mshika mkia kila mmoja anaweza kusema "turudi" bila kumshawishi mwenzake. Mtu mmoja akiumia, kikundi hakigawanyiki kuwa cha wanaoendelea na wanaomsindikiza, isipokuwa tuna viongozi wa kutosha pande zote mbili.

Aliyeendelea peke yake hatukwenda naye tena. Aliyegeuka tunamwandika wa kwanza kwenye orodha ya safari inayofuata ya mlima uleule.